Matabishi, madesu, ya sukre: tunampa mhudumu nini?

Katika somo la semantiki la mwaka wa pili, asistenti wetu alitupa kazi ndogo: kila mwanafunzi alete neno moja la nyumbani kwao, neno alilolisikia tangu utotoni, alichambue mbele ya wenzake kwa dakika kumi. Wenzangu walileta majina ya vyakula, ya magonjwa, ya michezo ya watoto. Mimi nilileta neno matabishi. Sikulichagua kwa sababu ya utamu wake katika isimu. Nililichagua kwa sababu lilitulisha. Baba yangu alikuwa mhudumu wa meza kwa miaka mingi katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji wa Lubumbashi. Siku nyingi unga wa nyumbani kwetu ulitoka katika glasi iliyowekwa karibu na mashine ya kahawa, ambamo wahudumu walitia kila walichoachiwa mezani na kukigawana jioni.

Wiki ileile nilikuwa nikifuatilia karatasi yangu katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Ada nilikwisha kuilipa na risiti nilikuwa nayo mkononi. Bwana aliyekaa nyuma ya meza aliitazama risiti, akaitazama karatasi yenyewe ambayo ilikuwa tayari mbele yake, imepigwa muhuri, akaweka kiganja chake juu yake na kuniuliza: «Na matabishi yetu?» Mfukoni nilikuwa na nauli ya basi tu. Nilimpa ile nauli, nikarudi Kasapa kwa miguu.

Njiani nilikuwa na hasira, na nilipojichunguza niliona kwamba fedha haikuwa sababu kubwa. Kilichoniuma ni neno. Lilikuwa neno la baba yangu. Yeye alilitumia kwa kitu alichokipata baada ya kusimama saa kumi akibeba sahani za watu. Huyu alilitumia kwa kitu alichokitaka kwa kuinua kiganja kutoka juu ya karatasi. Basi swali nililopeleka darasani lilikuwa hili: je, hapa tuna neno moja lenye maana moja, neno moja lenye maana mbili, au maneno mawili yaliyofanana sura? Makala haya ni ile kazi ya dakika kumi, pamoja na yale niliyoyapata baadaye, kwa maana mjadala wa siku ile haukuisha darasani.

Mdudu wa asubuhi

Tuanze na asili yake. Matabishi limetoka katika Kireno, mata-bicho, yaani «kuua mdudu». Wareno waliita hivyo tone la pombe kali ambalo mtu hunywa asubuhi kabla ya kula, kwa mzaha kwamba tumboni kuna mdudu anayepaswa kuuawa kwanza. Nchini Angola na Msumbiji hadi leo matabicho ni chakula cha asubuhi, na wana hata kitenzi chake. Kwa njia ya biashara ya Angola na Kongo ya Chini neno liliingia katika lugha zetu. Wabelgiji walilipokea katika Kifaransa chao cha koloni na kuliandika matabiche, Walingala husema matabisi, sisi matabishi.

Angalieni kilichotokea katika sarufi. Katika Kireno mata ni kitenzi. Sisi hatukukiona kitenzi hicho. Tulisikia ma- mwanzoni, tukalipeleka neno moja kwa moja katika ngeli ya maji na mafuta: matabishi yangu, matabishi yako, matabishi yamepotea. Hakuna tabishi moja. Ni kitu kisichohesabika, kama maji: kinaweza kuwa kingi au kidogo, lakini hakina kipimo chake. Makuta, neno ambalo wengi wetu tunalitumia kwa fedha yoyote, lina historia tofauti: mwaka 1967 ilipoanzishwa sarafu ya zaire, zaire 1 ilikuwa makuta 100, na umoja wake ulikuwapo, likuta. Makuta yalihesabika kwanza, ndipo yakawa fedha tu. Matabishi hayakupata kuhesabika hata siku moja. Nitarudia jambo hili, kwa sababu ndilo lililomtesa baba yangu.

Kinywaji katika kila lugha

Mwenzangu wa idara ya Kifaransa alinikumbusha kwamba pourboire ni «ya kunywa». Nilipoanza kutafuta, niliona kuwa lugha nyingi zimekubaliana bila kuulizana. Wajerumani husema Trinkgeld, fedha ya kunywa. Wapolandi husema napiwek, kutokana na maneno yenye maana ya «kwa ajili ya bia». Warusi wana fedha ya chai, na katika Afrika ya Mashariki pia ni chai. Wareno wenyewe, ambao mata-bicho yao ilitufikia sisi, kwao huita kitu hicho gorjeta, neno lililotokana na koo. Kwetu Lubumbashi kijana aliyeosha gari anasema: «Patroni, ya sukre», naye si lazima anywe sukre. Kinshasa ndiko walikoacha kinywaji wakaenda kwenye sufuria: madesu ya bana, maharagwe ya watoto.

Yapangeni maneno haya pamoja mtazame kinachokosekana. Yote yanasema kile ambacho mpokeaji atakitia kinywani, yeye au wanawe. Hakuna hata moja linalosema amefanya nini. Gari limeoshwa, sahani zimebebwa, mzigo umepandishwa ghorofa ya tatu, lakini jina la malipo halina kumbukumbu ya sabuni wala ya ngazi. Lina kiu tu, au njaa. Muundo wa «ya» hapa, ya sukre, ya chai, ya maji, ni muundo wa kusudi: fedha kwa ajili ya jambo litakalokuja. Jambo lililokwisha kufanyika limeachwa nje ya sentensi.

Si kwamba Kiswahili hakina njia nyingine. Katika ada za ndoa za pwani kuna orodha nzima ya malipo madogo ambayo kila moja limeitwa kwa tendo lake: kifungua mlango, kipa mkono, kiosha miguu. Muundo wake ni wazi: ki-, kisha kitenzi, kisha kitendwa. Aliyefungua mlango anajulikana, mlango unajulikana, malipo yanajulikana. Bwana arusi hawezi kusema hakujua analipia nini. Kuna na kilemba, zawadi apewayo fundi au mwalimu kazi inapomalizika. Hiyo haina kitenzi ndani yake, lakini ni kitu cha kuvaa kichwani mbele za watu, si kitu cha kumeza gizani. Naona kwamba lugha iliyoweza kuunda kiosha miguu ingeweza kuunda pia kiosha gari au kibeba sahani. Haikufanya hivyo kwa sababu mwenye kulipa hakutaka. Arusi ni shughuli ya jamaa mbili zinazoheshimiana na kuogopana. Kila ada inatajwa kwa sauti. Mezani pa mgahawa mmoja amekaa na mwingine amesimama.

Juu ya bakshishi nitasema kidogo tu. Limetoka Kiajemi, katika kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe, likasambaa hadi kwa Waturuki, Waarabu na pwani yetu. Hapa Katanga halitumiki sana katika mazungumzo. Tunalijua kwa vitabu. Ila msomaji azingatie ile maana ya pili, kusamehe. Anayesamehe yuko juu, anayesamehewa yuko chini. Neno limekuja na ngazi yake.

Kitenzi cha baba

Baada ya majina niligeukia vitenzi. Kwa miezi kadhaa nilitembea na daftari dogo, nikaandika niliyoyasikia kwa wazamu wa magari, wapakiaji wa sokoni, wahudumu, vijana wanaosukuma mikokoteni, na kwa baba mwenyewe alipokuwa akisimulia. Baba alikuwa na kitenzi kimoja karibu peke yake: kuachia. «Yule muzungu aliniachia.» «Siku ile hawakutuachia hata moja.» Ni kauli ya kutendea ya kuacha, na ina watu wawili na kitu kimoja: anayeondoka, anayebaki, na kile kilichobaki mezani. Mikono haikutani. Mteja amekwisha kula, amekwisha kulipa, amesimama, mgongo wake uko mlangoni. Ndipo mhudumu anakuja kuondoa sahani na kuona. Kupa ni tofauti: kunataka mikono miwili kwa wakati mmoja, na macho yanayotazamana. Baba alisema «alinipa» pale tu mteja alipomfuata hadi jikoni kumshukuru, na jambo hilo anaweza kulihesabu kwa vidole.

Nilisimama darasani nikatangaza, kwa furaha ya mtu aliyegundua kitu, kwamba ufunguo uko hapa: matabishi ya kweli hutawaliwa na kuachia, na ya uongo hutawaliwa na kutoa, kuomba na kudai. Huwezi kumwachia mtu kitu kabla hujaondoka, na huwezi kuondoka kabla hujahudumiwa. Kwa hiyo kitenzi chenyewe kinalinda mpangilio wa wakati.

Mwenzangu mmoja, mtoto wa dereva wa lori, aliinua mkono. Alisema: kaka, wewe hujapita barabara ya Kasumbalesa. Pale kwenye kizuizi wanakuambia, «Uache kwanza kitu, njo utapita.» Kitenzi ni hichohicho cha baba yako.

Darasa lilicheka na mimi nilikaa. Alikuwa na haki. Nilichukua wiki mbili kuona kwamba hakunibomolea nyumba yote. Sentensi yake haina -achia, ina -acha: hakuna anayefaidiwa ndani ya kitenzi, kuna kitu tu kinachobaki kama rehani. Zaidi ya hapo, uzito wote umebebwa na maneno mawili madogo, kwanza na njo. Yanafunga tendo la pili kwa tendo la kwanza. Ukiyaondoa, tishio linaondoka pia. Katika daftari langu, kila mara niliposikia kwanza karibu na fedha ya namna hii, aliyesema alikuwa na uwezo wa kuzuia jambo: mlango, karatasi, foleni, barabara. Mzamu wa maegesho hasemi kwanza. Anasema, «Mukubwa, mutuka yako iko salama», nawe ukipita bila kumpa kitu, gari linaondoka hata hivyo.

Sasa rudini kwa bwana wa ofisini. «Na matabishi yetu?» Nimeitazama sentensi ile mara nyingi. Haina kitenzi. Hakuna kuachia, hakuna kupa, hata kuomba hakuna. Mahali pasipo na kitenzi hapana mtendaji, na pasipo na mtendaji hapana wa kukataa. Kuna kiunganishi na, kana kwamba tulikuwa katikati ya mazungumzo niliyoyasahau, kuna nomino, kuna kimilikishi -etu. Kimilikishi ndicho kinachofanya kazi yote. Kinasema kwamba kitu hicho tayari ni chao, mimi nimekishikilia tu. Baba pia alisema «matabishi yangu», lakini alisema jioni, fedha zikiwa mkononi mwake. Kimilikishi chake kilikuja baada ya kupata, cha bwana yule kilikuja kabla. Na ni -etu, si -angu: nyuma yake kuna wengine nisiowaona.

Sheria yetu ya jinai imeliona jambo hili kwa jicho ambalo mwanaisimu atalipenda. Kifungu cha 147 kinamwadhibu mtumishi wa umma anayepokea zawadi ili atende tendo la kazi yake, hata likiwa tendo la haki, maadamu si la kulipiwa. «Hata likiwa la haki»: hapo ndipo penye uzito. Karatasi yangu ilikuwa ya haki. Hakunifanyia hila yoyote. Alitaka nimlipe kwa kutonizuia. Na sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 ikaja kuongeza nguvu ya vifungu hivyo. Hakuna hata kimoja kinachotaja madesu, matabishi wala sukre. Sheria inasema Kifaransa, na rushwa yetu inajua kusema lugha nne. Ndugu zetu wa Tanzania walifika mbali zaidi: mwaka 2000 neno takrima, yaani ukarimu kwa wageni, liliingia katika sheria yao ya uchaguzi kama jambo lililoruhusiwa kwa wagombea, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaliondoa kwa kuwa halikutofautika na rushwa. Mahakimu walikaa kuamua maana ya neno moja la Kiswahili. Sisi wa kitivo hiki tusiseme tena kwamba semantiki haina soko.

Fedha isiyo na kipimo

Nilidhani kazi yangu imekwisha: upande mmoja mhudumu mwema, upande mwingine ofisa mbaya, na kati yao kiambishi -ia. Aliyeniharibia tena ni baba. Nilimsomea kurasa zangu jioni moja nyumbani, na alipofika mahali niliposema kwamba matabishi ya kweli ni zawadi huru, alitikisa kichwa. «Zawadi?» akasema. «Mimi sikupewa zawadi. Nilifanya kazi.»

Akaniambia jambo ambalo sikulijua, ingawa nilikulia ndani yake. Katika wahudumu wale hawakusema matabishi wao kwa wao. Walisema matabishi mbele ya mteja na mbele ya mwenye mgahawa. Wakiwa peke yao walikuwa na feza ya mwezi na feza ya meza. Feza ya mwezi ilikuwa mshahara. Ilichelewa, mara nyingine mwezi, mara nyingine miwili, na ilikuwa ndogo kwa sababu mwenye mgahawa alikuwa na jibu moja kwa kila aliyelalamika: wateja si wanawapa matabishi? Feza ya meza ndiyo iliyonunua unga. Hiyo haikuchelewa, lakini hakuna aliyejua itakuwa kiasi gani. Kuna Jumamosi ilileta viatu vya shule, kuna wiki nzima ilileta dola moja iliyopasuka pembeni. Na dola iliyopasuka hapa kwetu kila mtu anajua ni kitu gani: dukani hawaipokei, muuzaji wa fedha anaichukua kwa kuikata thamani. Baba anaamini wateja wengine walizitafuta kwa makusudi. Mtu anayo noti ambayo hakuna anayeitaka, hataki kuitupa, basi anamwachia mhudumu.

Kwa hiyo feza ya meza ilikuwa mshahara uliovalishwa nguo ya zawadi. Mteja alidhani anatoa wema wake. Mwenye mgahawa alikuwa amekwisha kuuhesabu wema huo katika bajeti yake. Nilikumbuka somo la Marcel Mauss, ambaye katika kazi yake juu ya zawadi ya mwaka 1925 alieleza kwamba zawadi ina wajibu wa namna tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Baba angerudisha nini, kwa nani? Alikuwa amekwisha kurudisha kabla ya kupokea, alipobeba sahani.

Kati ya wateja waliomshangaza alikuwako Mmarekani mmoja ambaye kila mara aliacha karibu moja ya tano ya bili. Wahudumu waligombania meza yake na kumwita mtu wa roho nzuri. Nilipokwenda kusoma juu ya desturi ya kwao, nilikuta hadithi isiyo ya roho nzuri tu. Baada ya utumwa kufutwa Marekani, kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala ya treni, iliajiri wanaume Weusi, wengi wa kwanza wao wakiwa wametoka utumwani, wawahudumie wasafiri. Mshahara wao ulikuwa mdogo kwa makusudi. Kilichobaki wakitafute katika mifuko ya abiria, kwa tabasamu. Abiria wengi hawakuwauliza hata majina, wakawaita wote George, kwa jina la George Pullman mwenye kampuni, kama mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Wafanyakazi hao waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na ilichukua hadi 1937 kampuni kutia sahihi mkataba nao. Wako pia Wamarekani walioona aibu ya desturi hiyo: jimbo la Washington liliikataza kwa sheria mwaka 1909 na majimbo mengine yakafuata, lakini kufikia 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa. Leo sheria yao ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, ikiwa feza ya meza itamfikisha kwenye kima cha chini cha 7.25, isipotosha, mwajiri anatakiwa kujaza. Majimbo mengine, kama California, yamekataa utaratibu huo na kudai mshahara kamili. Jibu la mwenye mgahawa wa baba, «wateja si wanawapa», kule limeandikwa katika sheria.

Wafaransa, ambao desturi za migahawa yetu nyingi zimetoka kwao na kwa Wabelgiji, walichukua njia nyingine. Tangu 1987 bei inayoandikwa kwenye orodha ya vyakula lazima iwe na gharama ya huduma ndani yake. Anayeacha sarafu juu ya hapo ameiacha kweli. Sisi tumechukua maandishi bila kuchukua utaratibu: nimeona bili za hapa mjini zenye maneno ya Kifaransa yanayosema huduma imehesabiwa, na nimemuuliza mhudumu kama anaona chochote katika hesabu hiyo. Alinicheka.

Wasomaji wa Lubumbashi wanajua kwamba watumishi wa mji huu hawakungoja wasomi kuja kuwasemea. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji, «Vocabulaire de ville de Elisabethville», kwa Kiswahili chetu hiki hiki, kwa ajili ya waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Johannes Fabian akaitolea toleo la kitaaluma mwaka 1990. Nasikitika kwamba wengi wetu tunaisoma kwa kuwahi ili tupate mifano ya sarufi. Ni kazi ya watu walioona umuhimu wa kutaja kwa majina yao wenyewe mambo waliyofanyiwa kazini. Feza ya mwezi na feza ya meza ni maneno ya ukoo huo. Hayamo katika kamusi yoyote niliyoifungua.

Nilipowasilisha sehemu hii ya mwisho, asistenti aliniuliza jibu la swali langu la kwanza. Nilisema: ni neno moja lenye maana mbili, si maneno mawili. Na maana ya pili inaishi kwa kuazima heshima ya ile ya kwanza. Bwana wa ofisini alisema matabishi kwa sababu watu kama baba yangu walilifanya neno hilo lisikike kama jasho. Asistenti aliandika kitu pembeni mwa karatasi yangu, akanipa 14 juu ya 20, na kusema kwamba «jasho» si istilahi.

Nilipopata alama zile nilimpeleka baba kula. Hakuwa amekaa upande ule wa meza kwa muda mrefu, na alisumbuka: kila sahani ilipoletwa alitaka kusimama kuipokea. Tulikula bukari na samaki. Nililipa, nikaacha noti mbili za franga chini ya sahani, kama alivyonifundisha, pasipo kuonekana. Msichana alipokuja kuondoa vyombo, baba alimzuia kwa mkono.

«Mama, hii munagawanyaka namna gani?»

Msichana alitazama kaunta kwanza. «Inabakiaka kwa patroni, baba.»

Baba aliinua sahani, akachukua zile noti mbili, akazikunja, akamtia mkononi.